Shangazi Alivyohamia Mlangoni kwa Mzee Godoro

Shangazi yangu hakuchagua nyumba kwa sababu ya maji, wala umeme, wala majirani wema. Aliichagua kwa sababu mlango wake ulitazamana na geti la mtu aliyemvua binti yake sweta mbele ya shule nzima. Wapo watakaosema hiyo si sababu ya kuhama. Hao hawakumwona yule mtoto akirudi nyumbani siku ile, amejikumbatia kwa mikono miwili kama mtu aliyetoka mtoni.

Shangazi ni fundi wa makochi. Kazi hiyo aliianza usichanani, kwa fundi mmoja aliyemchukua ashone foronya za mito tu, kwa kuwa fundi huyo aliona kupigilia misumari ni kazi ya wanaume. Alipoondoka pale alikuwa anajua kulivua kochi hadi mifupa, kubadilisha springi, kukata sponji kwa kisu cha mkate na kuvuta kitambaa mpaka kikakaza kama ngoma. Ana mabega mapana. Akiwa kazini huibana misumari midogo midomoni, kwa hiyo ukimwuliza jambo hakujibu, anakutazama tu. Mumewe, ambaye ni dereva wa malori ya safari ndefu, husema alimpenda kwa ule upole wa kutosema, na hakujua kwamba misumari huisha.

Mji wetu umekatwa katikati na mtaro mpana wa maji ya mvua. Ng'ambo moja ya mtaro kuna shule ambayo kila mtu anaiita ya Juu, na ng'ambo ya pili iko ya Chini. Zote ni za serikali. Zote zina bendera, kengele na mwalimu mkuu. Lakini ya Juu ina maktaba yenye vitabu ambavyo havijachanwa, na walimu wake huingia darasani. Ya Chini ina mwalimu mmoja anayefundisha madarasa mawili akiwa amesimama mlangoni katikati, huku hesabu, huku historia. Na mvua ikinyesha masomo husimama, maana bati lile hupiga kelele kuliko yeye. Sheria inasema mtoto asome upande anaolala. Basi.

Nimesomeshwa chuoni kwamba mipaka ya shule huchorwa ili watoto wagawanywe kwa haki. Aliyechora ule wa kwetu alikuwa anakaa upande wa Juu, na haki yake ilifika mtaroni ikaogopa kulowa. Leo hii madalali hawakuambii tena nyumba ina vyumba vingapi wala choo kiko wapi. Wanakuambia iko upande gani. Wenye nyumba wa Juu wamegawa sebule zao kwa plaiwudi, kila kipande wakakipa mlango, na kila mlango una familia iliyoacha nyumba ya maana huko Chini ili mtoto wao asome asikilizwe.

Wasioweza kuhama walikuwa na njia yao, tuliyoiita kumlaza mtoto kwa mdomo. Unamtafuta ndugu au rafiki anayekaa Juu, anakubali kusema kwamba mwanao analala kwake. Kwa mdomo mtoto analala Juu, na usiku unamfunika shuka mwenyewe huko Chini. Kila mtu alijua. Kwa ajili ya hao ndipo kamati ya shule ikapata kazi, na mwenyekiti wake akapata jina.

Mwenyekiti alikuwa karani mstaafu wa mahakama, mwanamume mrefu anayetembea kama amemeza rula. Yeye alibuni ukaguzi. Alfajiri, kabla watoto hawajaamka, alikuwa anabisha hodi na wanakamati wawili nyuma yake, anaingia mpaka chumbani, anapenyeza kiganja chini ya shuka na kulipima godoro. Likiwa na joto, mtoto kalala hapo. Likiwa baridi, mtoto kalazwa kwa mdomo. Ndiyo maana watu wakamwita Mzee Godoro. Nimewahi kukutana na wazazi wasioikumbuka sura yake, lakini kiganja chake wanakikumbuka.

Binti wa Shangazi tunamwita Kidoti kwa ajili ya alama nyeusi iliyo juu ya mdomo wake. Alikuwa amelazwa kwa mdomo kwa rafiki wa Shangazi, Mama Pasi, mwanamke anayepiga pasi nguo za watu upande wa Juu. Kidoti alisoma pale mwaka na zaidi. Alikuwa anatuimbia mashairi ya darasani mpaka tukamwomba apumzike. Alikuwa anataka kuwa rubani, na walimu wake hawakucheka.

Ikafika alfajiri ya Mama Pasi. Kiganja kiliingia chini ya shuka, kikatoka. Mama Pasi alijaribu kusema mtoto ameamka mapema kwenda msalani. Mzee Godoro akasema atamngoja atoke, akakaa kitini, akapishanisha miguu. Akangoja hadi kukapambazuka.

Saa ya mstarini alimwita Kidoti mbele. Nayajua aliyoyasema kwa sababu shule nzima ilikuja kutusimulia, kila mtu kwa sauti yake, na maneno hayakutofautiana.

"Sweta hili ni la Juu," alisema. "Wewe ni wa Chini. Vua."

Mtoto wa darasa la nne akavua. Sweta lilikwama kichwani, akahangaika nalo huku watoto wakicheka, na hakuna mwalimu aliyenyoosha mkono kumsaidia. Mzee Godoro alilikunja vizuri kama mtu akunjaye bendera, akamshika Kidoti bega, akamtoa getini. Asubuhi hiyo kulikuwa na baridi.

Shangazi hakulia. Aliweka nyundo chini, akatema misumari kwenye kiganja, akaenda moja kwa moja hadi nyumbani kwa Mzee Godoro. Hakufunguliwa. Walizungumza kupitia vyuma vya geti, kama mfungwa na mgeni wake, ila sijui nani alikuwa mfungwa. Shangazi alimwambia kwamba kama kosa lipo ni la mama, na mama mwenyewe amekuja, avuliwe yeye. Mzee Godoro akajibu kwamba hana ugomvi na mtu, yeye ni mtumishi wa sheria.

"Ukitaka mtoto asome Juu, mama, hamia Juu," alisema. "Mbona rahisi."

"Haya," alisema Shangazi.

Yule mzee alidhani amepewa jibu la unyonge. Hajawahi kulivua kochi, hajui kwamba anayetaka kulijenga upya huanza kwa kung'oa.

Alihama kabla juma halijaisha. Kule Chini alikuwa na vyumba vitatu na uwanja wa kuanikia sponji. Juu alipata chumba kimoja na kipande, kilichotengwa na jirani kwa plaiwudi nyembamba kiasi kwamba jirani akifungua gazeti unajua amefika ukurasa wa michezo. Kulikuwa na vyumba bora mitaa ya nyuma, vyenye madirisha makubwa, na mwenye nyumba mmoja alimbembeleza kabisa. Akavikataa. Alitaka kile chenye kibaraza kinachotazama geti la Mzee Godoro. Pale kibarazani akapanga makochi yake, mengine yamevuliwa mpaka springi zinaonekana, akaweka cherehani, akaketi akitazama mbele.

Mumewe alikuwa safarini. Aliporudi na vumbi la barabara kichwani alifungua mlango wa nyumba ya zamani kwa ufunguo wake mwenyewe, akakuta mwanamume mwingine amevaa taulo anakunywa chai. Nusura damu imwagike. Yule mpangaji mpya alimweleza, akampa na chai, kisha akamwelekeza ng'ambo ya mtaro. Alipofika kibarazani alisema kwa utaratibu, "Mke wangu, watu huhama na waume zao." Shangazi akamjibu kwamba angemngoja angezeekea Chini, kisha akamwonyesha pa kuweka begi, nyuma ya mlango, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine. Usiku ule shemeji huyo wa baba yangu alilala kwenye kochi la mteja.

Kidoti akarudishwa shuleni. Hawakuwa na namna; mtoto alikuwa analala Juu, tena usingizi mzito. Mzee Godoro alikuja kukagua, kiganja kikakuta joto. Akarudi wiki nyingine, na nyingine tena, kama mtu anayerudi kwa fundi kudai chenji. Asubuhi moja Kidoti aliamka kiganja kikiwa bado chini ya shuka, akamtazama kwa jicho moja.

"Shikamoo, babu," alisema. "Leo nimeiva?"

Wanakamati wawili walitoka nje haraka wakijifanya kukohoa. Mzee Godoro hakurudi tena mwezi ule.

Wengi wangeishia hapo. Baba yangu, ambaye ni kaka mkubwa wa Shangazi na mtu wa kupenda mambo yaishe, alikuja siku ya mapumziko akakaa kwenye kochi lililo nusu, akamsihi. Mtoto yumo darasani, alimwambia, anasoma, sasa kunja jamvi. Shangazi alikuwa anashona pembe ya mto, hakuinua macho.

"Kaka, unadhani nilihamia shule?"

"Sasa ulihamia nini?"

"Nilimhamia yeye."

Baba alinigeukia mimi niseme neno la busara, maana ndiye aliyenilipia chuo ili niwe nalo. Mimi pia nilikuwa nalitazama lile geti. Watu hutuambia tusamehe kwa sababu wao hawakuvuliwa, na aliyevua huombewa msamaha hata kabla hajauomba. Nilisema tu kwamba chai ni nzuri.

Alichokuwa anakitaka Shangazi hakikuwa siri. Alitaka Mzee Godoro naye aitwe mbele ya watu, aambiwe hana mahali pale, atoke getini kwa miguu yake huku akitazamwa. Alikuwa anasema hivyo kwa wateja, kwa jirani wa plaiwudi, kwa mwenye nyumba. Walicheka wakisema dua la kuku halimpati mwewe. Yeye alipigilia msumari mwingine.

Na kibaraza kikamlipa. Kila asubuhi ya shule gari jeupe lilikuwa linatokea upande wa mtaroni, linasimama getini kwa Mzee Godoro na kumshusha msichana mdogo aliyevaa sare ya Juu. Alikuwa anaingia ndani kupitia geti la mbele na baada ya muda mfupi anatoka tena amemshika babu yake mkono, wakienda shuleni. Jioni gari lilirudi kumchukua. Ijumaa lilimchukua, na hakuonekana hadi Jumatatu. Alikuwa mjukuu wake. Binti wa Mzee Godoro ameolewa na anaishi ng'ambo, mbali kabisa na mpaka, kwenye nyumba mpya zenye kuta ndefu ambazo pia ziko upande wa Chini. Mtu aliyekuwa anapapasa magodoro ya mji mzima alikuwa amemlaza mjukuu wake kwa mdomo.

Msidhani Shangazi aligundua jambo. Mtaa mzima ulijua. Muuza mkaa alijua, Mama Pasi alijua, wale wanakamati wawili walijua. Mkuki ulikuwa mtamu kwa nguruwe, na nguruwe wenyewe walizoea. Shangazi alipokwenda kwa mwalimu mkuu, mwanamke mpole mwenye miwani mizito, yule mama alisema kwamba mwenyekiti ndiye aliyewapatia madawati. Akaomba wazungumzie maendeleo ya Kidoti.

Ukaja mkutano mkuu wa wazazi. Huwa unafanyika Jumamosi, ukumbini, na huwa mrefu. Mzee Godoro aliuongoza akiwa amevaa koti. Alisoma sheria za ukaguzi alizozitunga mwenyewe, kwa sauti ya mahakamani: kwamba ukaguzi hautangazwi, kwamba mzazi yeyote anaweza kuomba nyumba yoyote ikaguliwe, kwamba hautazami cheo wala sura. Alisisitiza neno yoyote. Watu walikuwa wameanza kusinzia walipofika kwenye mengineyo, na Shangazi akanyoosha mkono.

Alisimama, akanyoosha shingo, akaeleza kwa heshima zote kwamba yeye ni mkazi mgeni wa upande wa Juu na anajifunza taratibu. Angependa kuona ukaguzi unavyofanyika. Kwa kuwa leo ni Jumamosi na watoto wako nyumbani kwao, na kwa kuwa ukaguzi hautangazwi, anaomba twende sasa hivi.

"Nyumba gani, mama?" aliuliza Mzee Godoro.

"Yako, mwenyekiti. Tumsalimie mjukuu."

Mwanamume mmoja nyuma akaanza kucheka kwa pua. Mzee Godoro alisema muda umekwenda. Shangazi akasema nyumba iko karibu, yeye anaiona kila siku. Mzee akasema mambo ya nyumbani kwake hayakuwa kwenye ajenda. Hapo Mama Pasi, ambaye tangu ile alfajiri hakuwahi kutia neno kwenye jambo lolote, alisimama akasema na nyumba yake haikuwa kwenye ajenda. Viti vikaanza kusogezwa. Sijui nani alitoka kwanza, lakini ukumbi mzima ulimwagika njiani, akina mama na khanga zao, akina baba mikono nyuma, mwalimu mkuu akiwa anafutafuta miwani, na Mzee Godoro katikati akisukumwa bila kuguswa na mtu.

Mkewe alikuwa uani anaanika nguo. Aliona kundi linaingia getini, akashika kifua.

"Jamani, nani amefariki?"

Shangazi alimwamkia, akamwambia hakuna msiba, tumekuja tu kumsalimia mjukuu. Yule bibi, ambaye nadhani hakuna aliyewahi kumfundisha kusema uongo, alipumua.

"Mjukuu yuko kwao. Leo hakuna shule, angekuja kufanya nini?"

Kicheko kilichopasuka pale kilisikika hadi mtaroni. Watu waliegemeana. Yule aliyeanza kucheka kwa pua ukumbini alichuchumaa chini kabisa. Shangazi hakucheka. Alikuwa anamtazama Mzee Godoro kama anavyotazama fremu ya kochi kabla ya kutia patasi, na mimi niliyekuwa kando yake nilisikia anavyopumua. Mtu amefunguka mpaka mifupa. Sasa aambiwe atoke.

Lakini karani wa mahakama si mtu wa kubebwa kirahisi. Aliwaacha watu wacheke mpaka wakachoka. Kisha alijinyoosha, akafunga vifungo vya koti lake.

"Sheria haitazami sura," alisema. "Jumatatu mstarini, mtoto huyo atatolewa. Nitamtoa mwenyewe."

Mtu akapiga makofi. Akafuata mwingine. Baada ya muda mfupi nusu ya kundi lilikuwa linapiga makofi, na nikasikia mzazi mmoja akisema huyu ndiye kiongozi, anamtoa hata damu yake. Shangazi aligeuka kuwatazama wapiga makofi mmoja mmoja. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyechimba shimo usiku kucha, na asubuhi akaona adui amelifanya bwawa la kuogelea.

Jumapili nzima alipigilia. Alipasua ubao mmoja kwa nyundo. Mumewe, aliyekuwa nyumbani, alimwambia ameshinda, mzee ameumbuka, anataka nini tena. Shangazi akasema hajaumbuka, amemtanguliza mtoto mbele akajificha nyuma yake. Alisema maneno ambayo siwezi kuyaandika, kisha akasema moja ambalo naweza: kwamba mtu huyo angeweza kujiuzulu palepale uani, yakaisha, na mtoto akabaki. Hilo halikumpitia hata akilini.

Jumatatu wazazi walijazana kwenye uzio kama kuna mpira. Gari jeupe lilisimama, na binti wa Mzee Godoro akabaki amesimama kando yake, mkono juu ya mlango, macho yamemvimba. Mzee alimwita mjukuu mbele. Ni msichana mwembamba, darasa moja na Kidoti. Alikwenda haraka, kama mtoto anayeitwa kupewa zawadi, maana ni babu yake.

"Vua," alisema Mzee Godoro.

Yule mtoto alitabasamu, akidhani ni mzaha wa nyumbani. Akamtazama tena. Tabasamu lilimtoka polepole, akaanza kuvua, na sweta likakwama kichwani. Safari hii hakuna mtoto aliyecheka. Mzee alilipokea sweta, akalikunja, akasimama wima kuliko siku zote, na pale kwenye uzio mtu mmoja akasema kwa sauti ya kanisani, "Mwadilifu."

Shangazi alilipita geti. Mlinzi alimwambia mama rudi, hakurudi. Alitembea kwa mwendo wake wa kubeba makochi hadi mbele ya mstari, akaivua khanga ya mabegani, akamzungushia yule mtoto, akamwinamia akamnong'oneza jambo ambalo hadi leo hajatuambia. Kisha akamgeukia mwalimu mkuu, si Mzee Godoro.

"Mtoto huyu anaishi kwangu," alisema. "Kuanzia leo. Nipo Juu, nyumba inajulikana, mwenyekiti amelipapasa godoro langu hadi amelichakaza."

Mzee Godoro akasema mambo hayo hayaendi hivyo, mtoto ana wazazi. Watu wote wakageuza shingo kwenye gari jeupe. Binti yake alimtazama baba yake, akatazama lile sweta mkononi mwake lilivyokunjwa kwa ustadi. Nadhani aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona akiwa mdogo, au alikiona mara nyingi.

"Ndiyo," alisema. "Anakaa kwa shangazi yake."

Mwalimu mkuu alivua miwani, akavaa. Akasema kama mtoto analala Juu, shule haina neno, na akanyoosha mkono apewe sweta. Mzee Godoro hakulitoa mara moja. Ilibidi mwalimu mkuu alivute. Lilikunjuka lote hewani kati yao, shule nzima ikitazama mvutano wa watu wazima wawili na nguo ya mtoto, na pale kwenye uzio aliyesema mwadilifu akanyamaza.

Msimfanye Shangazi malaika. Wapo waliosema ameonyesha moyo wa huruma, na mwalimu mmoja wa dini alimtaja kwa wema. Nilimwuliza. Aliniambia alipoona yule mzee anapigiwa makofi alijua kuna kitu kimoja tu ambacho hatakivumilia, nacho ni mjukuu wake kutoka kila asubuhi mlangoni kwa mwanamke wa Chini, mbele ya geti lake, akiwa ameshiba na kusukwa nywele. "Mtoto simchukii," alisema. "Lakini hata ningekuwa simpendi, ningemchukua."

Basi wakalala wawili kitanda kimoja, Kidoti na mjukuu. Kidoti alilalamika kwamba mwenzake anapiga mateke kama baiskeli. Mama wa mjukuu alikuwa anamletea nguo na kukaa kibarazani jioni nzima, akijifunza kuchambua sponji. Asubuhi watoto wale walitoka pamoja, na mjukuu aliangalia ng'ambo ya barabara, akapunga mkono kwenye geti lililofungwa.

Sheria ya Mzee Godoro ilisema mtoto aliyebadili makazi lazima akaguliwe na mwenyekiti. Kamati ilimngoja. Wale wanakamati wawili walianza kumwuliza kila walipokutana, kwa heshima iliyojaa sumu, ukaguzi ni lini. Hakuweza kuukwepa bila kuacha kiti. Asubuhi moja geti likafunguka, akavuka barabara peke yake, koti limefungwa vifungo vyote, akabisha hodi.

Mimi nilikuwa nimelala kwao, kwenye kochi la mteja. Nilimwona Shangazi akiacha kumimina chai, akasubiri. Hodi ikarudi. Akawaambia watoto wanywe bila haraka. Alimalizia vikombe, akafunga chupa ya chai, akafuta meza. Huko nje mtaa ulikuwa umeamka. Muuza mkaa alipita, akauliza kwa sauti, mwenyekiti, umefungiwa nje? Mwanamke muuza maji akamwambia aketi, makochi si yapo. Kochi pekee lililokuwa tupu lilikuwa lile lisilo na sponji. Alikaa kwenye springi, akaamka, akabaki amesimama.

Shangazi akaenda mlangoni, akazungumza bila kufungua.

"Nani?"

"Mwenyekiti wa kamati ya shule."

"Mwenyekiti simfungulii. Ameshaijua nyumba hii, godoro langu ameshalichosha. Nani mwingine?"

Mjukuu alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, anasikiliza. Aliitambua sauti.

"Nimekuja kumwona mtoto," alisema yule mzee.

"Wewe ni nani kwake?"

Nilidhani ataondoka. Nilisikia viatu vyake vikigeuka kwenye saruji, kisha vikarudi.

"Mimi ni babu yake," alisema, kwa sauti ndogo.

"Sema vizuri," alisema Shangazi. "Majirani hawajasikia."

Akasema tena, na safari hii hata jirani wa plaiwudi aliacha kugeuza gazeti. Shangazi alitoa komeo. Hakuufungua mlango wote. Aliufungua nusu, akasimama palepale kwa mabega yake mapana, hivi kwamba yule mzee mrefu ilibidi aingie kwa ubavu.